Nunda ni ngano au mnyama wa kweli? Kitu kimeonekana mikokoni Jomvu, wajuzi njooni

#1 Mwana_Jomvu
Assalam alaykum wadau, naenda moja kwa moja. Huku kwetu Jomvu, upande wa chini kwenye mikoko, kuna mnyama anazunguka usiku na hakuna anayejua ni nini. Jirani yangu wa bodaboda alikuwa anarudi kumshusha abiria usiku wa manane, taa ya mbele ikakimulika kitu kinakatiza njia kutoka mikokoni kuelekea jaani. Anasema kimo cha mbwa mkubwa, rangi ya majivu, mistari na madoa yamechanganyika, nywele za mgongoni zimesimama kuanzia shingo mpaka mkia na usoni ana weusi. Hakukimbia. Alisimama akamtazama kisha akaingia majanini taratibu kama mwenye mji. Mbwa wote wa mtaa kimya, hata mmoja hakubweka. Asubuhi yake mbuzi wa mzee mmoja hapa kakutwa amekufa, koo limeraruliwa na tumbo liko wazi. Mzee mwenyewe hakushangaa, alisema tu "huyo nunda, karudi" akaenda kuswali zake.

Sasa swali langu: nunda tuliyehadithiwa utotoni yupo kweli au ni maneno ya kutulaza mapema? Na kama yupo ni mnyama gani? Msije na mambo ya "leta picha", jamaa alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

#2 Shaka_bin_Shaka
Leta picha.

#3 BiShanuo
Shaka wewe huna adabu lakini leo nimecheka. Mwana wa Jomvu, nunda twamjua sote tuliolelewa na mabibi. Alianza paka wa nyumbani, akala kuku, watu wakasema muacheni ni paka tu, akala mbuzi, wakasema muacheni, akala ng'ombe, akala ngamia, sultani yuwasema paka wangu mwenyewe na vya kwangu mwenyewe, mpaka akawala watoto wa sultani ndipo akili zikamrudi. Si hadithi ya jana hiyo. Askofu Steere aliisikia Unguja akaichapisha 1870 na Mombasa kila nyumba ina yake. Ila mimi sikuambiwa kuwa nunda hukatiza njia ya jaani, huyo wenu hana hadhi.

#4 Kuku_wa_Kisauni
Habari zenu. Mimi nafuga, nimeshapoteza kuku kwa kila aina ya mdudu na mnyama kwa hivyo hebu tuache sultani kidogo. Maswali: mbuzi aliliwa kuanzia wapi? Alikuwa amefungwa au ndani ya banda? Nyayo zilikuwepo? Kama nyayo zina alama za kucha huyo si wa jamii ya paka maana paka na chui huficha kucha akitembea, mbwa na fisi na fungo kucha zao huonekana. Ukijua hilo tu umeshaondoa nusu ya mabishano.

#5 Mwana_Jomvu
@Kuku_wa_Kisauni mbuzi alikuwa amefungwa nje kwa kamba nyuma ya nyumba. Nyayo zilikuwepo kwenye tope lakini maji yalijaa alfajiri yakala nyingi, zimebaki chache juu karibu na mti. Binamu yangu mdogo alipiga picha ya moja akaweka champali pembeni tupate kipimo. Naona kama kuna alama za kucha mbele lakini tope limejaa. Nimeiweka hapo chini.

#6 Shaka_bin_Shaka
Kwa hivyo picha ipo. Sawa. Hiyo champali ni ya nani? Kama ni ya binamu "mdogo" basi huo unyayo ni wa mbwa wa kawaida kabisa, kama ni ya babake basi sote tuhame Mombasa.

#7 Mwana_Jomvu
Ni ya mamake.

#8 Shaka_bin_Shaka
Yallah.

#9 Mwl_Biolojia
Wadau salamu. Nimeitazama picha na nimeyasoma maelezo ya #1 taratibu. Rangi ya majivu, madoa yanayoungana kuwa mistari, weusi machoni, nywele za mgongo kusimama akishtuka: huyo kwa maelezo hayo ni fungo. Watu wengi wa mjini hawajawahi kumuona fungo mzima wakadhani ni paka fulani. Ni mnyama wa kilo kumi mpaka ishirini hivi, akisimamisha yale manyoya anaonekana mara mbili ya alivyo, na anatembea usiku peke yake kichwa chini. Anakula kila kitu, matunda, panya, kaa, mizoga, taka, hata jongoo ambao wanyama wengine hawawagusi. Mikoko na jaa pamoja ni karamu kwake. Ukitaka kuhakikisha tafuta choo chake, fungo hurudi kunya mahali pamoja, utakuta lundo lina mbegu na maganda ya jongoo. Pia hupaka miti zabadi, ile ile ambayo zamani ilikuwa ikitiwa kwenye manukato. Harufu yake ikiwa mbichi hutaisahau.

Tatizo langu ni mbuzi. Fungo hamuui mbuzi mkubwa. Kuku ndiyo, kitoto cha mbuzi labda.

#10 Kuku_wa_Kisauni
Mwalimu umesema vizuri, mbuzi ndiye anayeharibu hesabu. Ila kwani lazima mnyama aliyeonekana ndiye aliyemuua mbuzi? Jaa lile la huko mimi nalijua lina mbwa koko kundi zima. Mbwa koko wakimpata mbuzi amefungwa wanamrarua ovyo, masikio, mapaja, tumbo, koo, hawana utaratibu. Chui hushika koo akabana halafu anakula kwa mpango tena huburuta mzoga kwenda kuuficha. Fisi angemaliza na mifupa asubuhi mngekuta kamba na damu tu. Fungo alikuja kula mabaki akaonekana yeye, jina likawa lake.

#11 Mwana_Jomvu
Lakini mbwa hawakubweka hata mmoja! Ndiyo nimesema.

#12 Kuku_wa_Kisauni
Wangebwekaje na midomo imejaa.

#13 TangaRaha
Wakuu habari za huko. Mnazunguka mbuyu wakati jibu liko wazi, huyo ni mngwa. Huku kwetu pwani ya kusini wazee wanamjua, paka mkubwa kama punda, rangi ya kijivu yenye michirizi, hashambulii kama simba wala chui, na wavuvi na wawindaji walikuwa wanamtofautisha kabisa na hao wengine. Kuna mzungu mmoja William Hichens alikuwa hakimu wa serikali Lindi miaka ya 1920. Usiku askari aliyekuwa akilinda soko akatoweka zamu, alipokuja kutafutwa kakutwa ameraruliwa na mkononi ameshika nywele za kijivu. Wakasema ni mngwa. Yakafuata mauaji mengine. Mzungu mwenyewe mwanzo hakuamini, mwisho akaja kuandika makala kuhusu wanyama wa ajabu wa Afrika 1937 akamuweka mngwa humo. Huyo si bibi wa kijiji, ni hakimu.

#14 Shaka_bin_Shaka
Hakimu anayesimulia mwenyewe kesi yake mwenyewe miaka mingi baadaye. Hizo nywele zilienda wapi?

#15 TangaRaha
Zilipelekwa kuchunguzwa wakasema huenda ni za paka.

#16 Shaka_bin_Shaka
"Huenda". Haya.

#17 BiShanuo
Ngojeni kwanza. Huyo Hichens ndiye yule yule aliyehariri mashairi ya Muyaka wetu? Maana diwani ya Muyaka bin Haji iliyochapishwa 1940 kule Johannesburg mhariri wake ni William Hichens na Inkishafi ya Lamu 1939 pia ni yeye.

#18 Mwl_Biolojia
Ndiye Bi Shanuo, mtu mmoja huyo.

#19 BiShanuo
Basi mimi nabadili msimamo, mtu aliyekaa na Muyaka usiku na mchana sithubutu kumwita mzushi. Ila pia huo ndio wasiwasi wangu. Mtu ambaye masikio yakwe yameshajaa ngano na mashairi ya Kiswahili akisikia askari kauawa na kitu cha kijivu, atasikia nini chengine isipokuwa nunda? Simba wa msituni nao hula watu na giza halina rangi.

#20 TangaRaha
Bi mkubwa umenikata vibaya lakini nitarudi.

#21 MtuWaKapsabet
Wasee wa Coast sasa ni zamu ya watu wa milimani, mimi niko Changamwe kikazi na hii stori ya mgongo umesimama nywele ni ya kwetu kabisa. Wazungu waliiita dubu wa Nandi. Walowezi Uasin Gishu wameiona, mafundi wa reli ya Magadi wameiona 1912, 1913 hapo, kila mtu anasema mnyama mkubwa kama simba, manyoya marefu, mgongo unateremka, anatembea kama anajikokota. Inapasua vichwa inakula ubongo. Sisi jina lake ni chemosit.

#22 Mwl_Biolojia
Marekebisho kidogo mzee wa Kapsabet. Mnyama wa walowezi na chemosit walichanganywa na walowezi wenyewe. Hollis, afisa wa serikali ya Kiingereza, alipoandika kuhusu Wanandi mwaka 1909, chemosit ni shetani, nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Hakuna dubu hapo.

#23 Shaka_bin_Shaka
Makalio mangapi???

#24 BiShanuo
Astaghfirullah. Tisa kwa mguu mmoja. Fundi wa suruali atapumzika wapi.

#25 MtuWaKapsabet
😂😂 Nyinyi chekeni tu lakini nyanyangu alikuwa anatutisha na huyo mwenye mdomo wa taa, tukiona moto mbali usiku hakuna mtoto anatoka kwenda choo. Kwa hiyo mwalimu anasema kweli, huyo ni wa kutisha watoto. Lakini ile ingine ya reli nani aliiona? Mainjinia. Hawakuwa na nyanya Mnandi.

#26 Mwl_Biolojia
Ni kweli waliona kitu. Walichoona ndicho kimebishaniwa zaidi ya miaka mia. Geoffrey Williams aliandika 1912 kuhusu aliyemuona Uasin Gishu, baada ya hapo afisa mwengine, Hobley, akakusanya taarifa za wengine. Ukizisoma pamoja unaona si mnyama mmoja, wengine wanaeleza kitu kifupi kipana chenye makucha, huyo ni nyegere mzee, wengine fisi madoadoa mkubwa mwenye manyoya mengi. 1923 mtaalamu mmoja Andrews akatoa wazo kwamba pengine ni mnyama wa kale kabisa, jamaa wa mbali wa farasi lakini mwenye makucha, aliyepotea zama hizo. Watu walilipenda sana wazo hilo. Mfupa mmoja haujapatikana mpaka leo, na fisi waliouawa wakidhaniwa ndio wao wapo wengi.

Na hapo mzee wa Kapsabet umenikumbusha kitu. Mwana_Jomvu, jirani yako alisema mgongo uko sawa au unateremka?

#27 Mwana_Jomvu
Sikumuuliza. Kesho.

#28 Baharia_Mtwapa
Salaam. Mimi niko baharini maisha yangu yote na kitu nilichojifunza ni kwamba mnyama akiwa mahali asipotarajiwa jicho linamgeuza. Desemba 2004 siku ya tsunami mnakumbuka, mto Sabaki ulikuwa umejaa ukawatoa viboko mpaka baharini Malindi, watu wako ufukweni wanaona kichwa kinaibuka kwenye mawimbi ya chumvi. Fikirini wewe hujui habari ya mto unaona kile kichwa ndani ya bahari kuu, ungesema nini? Yule mdogo aliyebaki waliokoa kwa nyavu wakampeleka Bamburi kwa wale kobe, ndiye Owen, akamganda kobe mzee wa miaka mia na thelathini hivi akamfanya mama, dunia nzima ikaja kupiga picha. Sasa kama angezama usiku ule, Malindi leo kungekuwa na uzi wa "joka la baharini lenye kichwa cha ng'ombe" na mashahidi mia wanaoapa, na wote wanasema kweli.

Papa shilingi naye vile vile. Mara ya kwanza anapita chini ya mashua yako, mgongo una madoa meupe, mrefu kushinda chombo, moyo unasimama. Kumbe anakula vijidudu tu hana haja na wewe. Wazee wakasema Mungu alimuumba akapendezwa naye akamtupia shilingi kutoka mbinguni ndizo zikaganda mgongoni.

#29 Shaka_bin_Shaka
Baharia leo umeongea kama mimi, nashukuru.

#30 Baharia_Mtwapa
Sijaongea kama wewe. Wewe wasema hakuna kitu, mimi nasema kitu kipo ila jina ndilo la bandia. Tena nikuulize, silikanti je? Huyo samaki wasomi wote walisema amekufa na madinosari, 1938 Afrika Kusini akatolewa kwenye jarife la trola mbichi. Na 2001 trola ikamtoa hapa Malindi, si mbali, Malindi hii hii. Hapo wewe na "leta picha" yako ungekuwa upande gani 1937?

#31 TangaRaha
Nimerudi. Baharia marekebisho: trola haitumii jarife, trola inaburuta wavu chini. Jarife ni letu Tanga, la papa, tunalitega kwenye maji marefu na ndilo lililoanza kuwatoa silikanti kwa wingi kuanzia 2004 mpaka serikali ikatangaza hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga 2009. Kabla ya hapo wavuvi hawakuwa na habari kama ni ajabu ya dunia. Nyama yake mafuta matupu, ukila inakuendesha.

#32 Baharia_Mtwapa
Sawa mkuu wa Tanga, wavu ni wavu.

#33 TangaRaha
Wavu si wavu!

#34 Shaka_bin_Shaka
Najibu #30. Silikanti ni mfano unaotumiwa kila mahali na hausaidii. Aliishi chini kabisa mapangoni, mita mia na zaidi, hakuna aliyekuwa akimtafuta wala kumuwinda. Nunda wenu yuko Jomvu kati ya reli, barabara kuu na nyumba za watu, kila kijana ana simu, na anakula mbuzi. Mnyama mkubwa hawezi kuwa mmoja, lazima awe na mke na watoto na mavi na mifupa. Ngozi iko wapi? Fuvu liko wapi? Hata ajali ya barabarani, malori yote yale ya Mombasa-Nairobi hayajawahi kumgonga?

#35 Mwl_Biolojia
Shaka hoja ya ngozi ni nzuri lakini ngozi nayo haimalizi. Milima ya Aberdare 1931 mkulima Michael Trent aliwapiga risasi simba wawili wadogo wenye madoa kama ya chui, wakati kwa umbo lao hawakuwa watoto. Ngozi ipo mpaka leo jumba la makumbusho London. Mwingereza Gandar Dower akaja kuwatafuta milimani akaandika kitabu kizima 1937, alipata nyayo tu. Sasa ni aina ya pekee ya simba wa msituni, au ni simba wa kawaida ambao madoa ya utotoni hayakufutika? Ngozi ipo na ubishi upo.

Upande mwengine kuna kipunji. Mwaka 2003 watafiti wako kusini mwa Tanzania milima ya Rungwe, Wanyakyusa wanawaambia kuna nyani wa kipekee msituni. Kwa sababu wenyeji wale wana wanyama wa kweli na wa ngano katika masimulizi yao, mwanzoni watafiti hawakujua huyu yuko kundi gani. Kumbe nyani kweli, mwenye manyoya marefu na sauti ya ajabu, akatangazwa 2005 na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Nyani mzima, si kidudu.

#36 Msuka_Ukili
Popobawa mbona hamumsemi?? Pemba 1995 watu walilala nje makundi makundi kwa kumuogopa na Unguja pia. Mjomba wangu alikuwepo

#37 Msimamizi
Popobawa ana uzi wake tena umefungwa kwa matusi. Humu tubaki na wanyama.

#38 Mwamba_wa_Makunduchi
Msimamizi uko sahihi ila mpaka wa mnyama na uchawi sisi Unguja hatuujui uko wapi. Chui wa Unguja, yule mdogo mwenye madoa ya karibu karibu aliyepewa jina la kisayansi 1932, ukimuuliza mtu wa kijijini atakwambia wako aina mbili, wa msitu na wa kufugwa na wachawi, na wa kufugwa ndiye anayekula mifugo ya adui. Kwa hivyo baada ya mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwasaka chui na wachawi kwa pamoja, wakauliwa mpaka watafiti miaka ya 1990 wakaanza kusema wamekwisha. Kuna wakati watu walikuwa tayari kumpeleka mtafiti akaonyeshwa chui wa kufugwa kwa malipo, fedha zaliwa chui haji. Halafu 2018 watengeneza filamu wakatega kamera na chui akapita. Huko si kuthibitisha pia, wengine wanasema lazima ushahidi zaidi. Lakini miaka yote ile mkulima aliyesema "nimemuona" alikuwa anaambiwa umeona uchawi.

#39 BiShanuo
Hii ya chui wa kufugwa Mombasa ipo, tena mpaka fisi. Mtu ana mali ya ghafla, majirani wamtazama kwa pembe ya jicho, siku mbuzi akifa tu jina latajwa. Mwana wa Jomvu tahadharini sana huko, msije mkaacha mnyama mkamtafuta mtu. Hilo nasema kwa uzito, sichezi.

#40 Mwana_Jomvu
Bi Shanuo maneno yako nimeyabeba, kwa sababu kuna jina limeshaanza kutajwa kwenye kahawa. Sitalisema humu. Ni bibi kizee anayekaa peke yake na paka zake. Nilipiga simu kwenye ofisi moja inayohusika na wanyamapori wakaniambia niandike barua.

#41 Kuku_wa_Kisauni
Barua kwa nani, kwa nunda?

Jomvu waambie wazee wafungue hesabu ya mbuzi hapo hapo kahawani: aliyefungwa nje usiku karibu na jaa lenye mbwa koko. Huyo bibi na paka zake wanaingia wapi.

#42 Tairi_Mpya
Nimeitwa humu na Mwana Jomvu, mimi ndiye wa bodaboda. Kwanza sikusema kimo cha mbwa mkubwa, nilisema kuzidi mbwa mkubwa, hapa kiunoni. Pili madoa sikuyaona, niliona mistari, ya kusimama ubavuni na miguuni pia. Tatu mgongo unateremka, mabega juu makalio chini, mkia wa manyoya mengi. Shingoni mbele ana weusi mkubwa. Masikio marefu yamechongoka, hilo Mwana Jomvu hakuliandika kabisa sijui kwa nini. Na niseme ukweli ilikuwa sekunde chache na taa yangu ile inamulika miti zaidi ya barabara.

#43 Mwl_Biolojia
Tairi_Mpya ahsante sana, masikio ndiyo ufunguo. Masikio marefu ya ncha, mistari ya kusimama, koo jeusi, mabega juu: huyo sasa ni fisi miraba. Si fisi madoadoa wa kucheka. Fisi miraba ni mnyamavu, wa peke yake, hupita majaani na kwenye mizoga na akiogopa husimamisha nywele zote za mgongo. Maeneo makavu ya Kenya yupo. Kutoka nyika za nyuma ya Mariakani akifuata reli na mabonde mpaka Miritini, si muujiza.

#44 Kuku_wa_Kisauni
Au fisi mdogo? Yule mla mchwa. Mistari ile ile, nywele zile zile, masikio yale yale.

#45 Mwl_Biolojia
Inawezekana pia, ila yule kimo chake hakifiki kiunoni hata akisimamisha nywele zote.

#46 Shaka_bin_Shaka
Tairi wewe una urefu gani? Maana "kiunoni".

#47 Tairi_Mpya
Mfupi. Lakini nilikuwa juu ya pikipiki.

#48 TangaRaha
Mwalimu #9 ulisema ni fungo bila wasiwasi, #43 ni fisi miraba bila wasiwasi. Rangi ya kijivu, michirizi, mkubwa, hafanani na simba wala chui. Hayo ndiyo maelezo ya mngwa neno kwa neno na hakuna anayetaka kuyaangalia kwa sababu hayako kwenye chati ya darasani. Wahindi wa reli pale Tsavo 1898 walisema wale simba ni mashetani, wakachekwa. Walipouliwa ni simba kweli, lakini madume yasiyo na manyoya shingoni, tabia haijulikani, wanaingia mahemani kuvuta watu. Wako Chicago leo bado wanachunguzwa. Kwa hiyo aliyesema "hawa si simba wa kawaida" alikosea wapi?

#49 Shaka_bin_Shaka
Alikosea kwenye shetani.

#50 MtuWaKapsabet
TangaRaha mimi niko na wewe, hizi mistari mwalimu anaziweka kwa kila mnyama kulingana na komenti ya mwisho. Kesho mtu akisema ilikuwa na makalio tisa atasema ni viboko wawili na nusu.

#51 Mwl_Biolojia
Maelezo yakibadilika na jibu libadilike, mlitaka nifanyeje? Fungo wa #1 na fisi wa #42 si wanyama wa shahidi mmoja, kati yao kuna Mwana Jomvu. Nawapa njia rahisi: tafuteni mavi. Fisi anakula mifupa, mavi yake yakikauka yanakuwa meupe kama chaki. Ya fungo nimeshasema, jongoo na mbegu kwenye lundo moja. Ya mbwa mnayajua. Watoto wapewe shughuli hiyo mchana, siyo usiku.

#52 BiShanuo
Uzi ulianza na sultani umeishia chooni.

#53 Kuku_wa_Kisauni
Mimi nina kamera ya mtego, niliinunua wakati kuku wangu wanaliwa. Inapiga yenyewe usiku kitu kikipita. Naiazima kwa wiki moja. Sharti: ifungwe juu ya mti kwa kufuli na mtu alale karibu, maana Mombasa ukiiacha peke yake picha ya kwanza ni ya mnyama na ya pili ni ya mwizi.

#54 Mwana_Jomvu
Tumekubali! Tutaifunga kwenye mkoko ule ule wenye nyayo. Nani analala?

#55 Baharia_Mtwapa
Angalieni bamvua. Maji yakijaa mkiwa mmeifunga chini mtapata picha za kaa na mikunga.

#56 Shaka_bin_Shaka
Nalala mimi. Naja Jumamosi baada ya isha, na nikiona kitu kina mistari nitasema kina mistari, nikiona mbwa nitasema mbwa. Nani atanipokea stejini?

#57 Tairi_Mpya
Mimi hapa. Lakini mpaka kule chini usiku nauli ni mara mbili.

#58 Shaka_bin_Shaka
Kwa sababu ya nunda?

#59 Tairi_Mpya
Kwa sababu ya njia mbovu. Nunda ni mia juu yake.